Nilisifia Gari Langu kwa Utani, Sasa Dada Anauza Mikorosho

Bi Mgeni mpendwa, nakuandikia nikiwa na aibu na nikiwa na haraka pia, maana jambo lenyewe lina tarehe, na nisipopata mtu wa kunisaidia mawazo kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu nitakuwa nimemtia dada yangu wa tumbo moja katika hasara ambayo sijui atainukaje, na aliyemtia humo ni mimi kwa mdomo wangu, si mtu mwingine. Naomba tafadhali majina yote uyabadilishe.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na nne, naishi Mikindani, nafundisha jiografia katika sekondari moja ya Mtwara mjini, nina mke na watoto watatu. Miaka miwili iliyopita nilinunua gari dogo, la kwanza maishani mwangu, na jina la gari hilo sitalitaja kwa sababu Mikindani nzima lipo hilo moja tu na ukilitaja utakuwa umenitaja mimi. Si IST, si Vitz, si Passo, hayo ambayo ukisimama kituo cha mafuta unayahesabu mpaka unachoka. Ni la Kijapani vilevile, milango mitano, injini ndogo, rangi ya maji ya kunde, ila huku kwetu watu hawajalizoea, na siku nilipokwenda yadi Dar es Salaam niliandika kwenye karatasi kama ninavyowaandikia wanafunzi, upande huu faida na upande huu hasara, nikaona kwa pesa ileile ningepata IST iliyozeeka kulizidi kwa miaka sita na iliyotembea mpaka imechoka, wakati hili viti vyake havijachanika, kiyoyozi kinapuliza, injini huisikii, basi nikalichukua, ingawa shemeji yangu Zuberi alinipigia simu nikiwa palepale yadi akaniambia niliache.

Zuberi ni kaka wa mke wangu, Sabra. Ni seremala, ana mdomo mwepesi, na kwa kuwa ni shemeji ni mtani wangu, na wewe unajua utani wa mashemeji huku kwetu hauna likizo, akikutupia neno mbele za watu lazima umrudishie, ukinyamaza umeshindwa na ukikasirika umeshindwa mara mbili. Tangu gari lilipofika amelipa jina la Kibubu, anasema ukitia hela humo hutoi mpaka ulivunje. Nikipita mbele ya karakana yake anasimamisha randa na kuuliza, "Shemeji, gari hilo ntu anapanda au anavaa?" Watoto wangu wenyewe wanaliita Kibubu, na juzi mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, mtu wa Singida asiyehusika kabisa na utani wetu, naye aliniuliza kama Kibubu hajambo.

Sasa nikwambie ukweli wa gari lenyewe, maana zaidi ya mke wangu sijamwambia mtu. Kwa safari zangu mimi ni zuri. Mikindani mpaka shuleni ni lami tupu, mafuta ya kunipeleka wiki nzima ni kidogo mno, linageuka mahali ambapo wengine wanarudi nyuma mara tatu, na wezi wa vioo vya pembeni, waliomaliza vioo vya mtaa mzima, langu hawajaligusa, nadhani kwa sababu hawana wa kumuuzia. Lakini mwaka jana mwezi wa tatu tulikwenda kuzika upande wa Kilambo, wenzangu walikodi Noa, na mimi kwa kuwa Zuberi alikuwemo humo na sikutaka kusikia habari za Kibubu njia nzima, nikajipeleka na langu. Kwenda nilifika, tumbo la gari likigonga tuta la katikati ya njia kila hatua. Kurudi nilichelewa kuondoka, wenzangu wakatangulia, nikaingia kwenye mchanga, nikakanyaga mafuta na huku nakata usukani, nikasikia kitu kimekatika huku mbele, kumbe ni shafti ya tairi la kushoto.

Ingekuwa IST ningepata shafti kesho yake. Ya hili haikuwapo Mtwara, haikuwapo Lindi wala Masasi, ikaagizwa Dar, ikaletwa ya upande wa kulia, ikarudishwa, ikangojwa nyingine, na gari likakaa siku kumi na tisa uani kwa mama mmoja muuza uji aitwaye Asia, kuku wake wakataga chini yake. Nyumbani Sabra peke yake ndiye aliyejua. Wengine wote niliwaambia mkuu wa shule ameliazima kwa shughuli za ukaguzi, na mimi kila asubuhi nilikuwa natoka mapema kabla mtaa haujafungua milango ili nisionekane nyuma ya bodaboda.

Basi siku ya pili ya Idi tulikuwa Ziwani kwa dada yangu Rukia, tumekula, tumekaa kibarazani watu kama ishirini, Zuberi akaanza. Akasema Kibubu hakijawahi kuuona mto Ruvuma isipokuwa kwenye ramani za mwalimu. Watu walicheka sana, hata mkwe wangu alicheka, na mimi roho ikaniuma, nikamwambia, "Nyamaza, seremala. Gari hili limefika Kilambo na magunia manne ya mchele nyuma, limepita mchangani wala halikuguna, na IST ya watu nimeiacha inasukumwa." Nikaongeza kwamba spea zake hazionekani madukani kwa sababu haliharibiki, nani ataweka dukani kitu kisichonunuliwa. Siku hiyo nilimshinda Zuberi kwa mara ya kwanza tangu nimwoe dada yake, watu walipiga makofi, yeye mwenyewe alinipa mkono, na nakiri Bi Mgeni niliona raha sana. Sikumwona Rukia amesimama mlangoni na sinia ya kahawa.

Rukia ndiye mkubwa wetu, ana miaka hamsini na miwili, mumewe alifariki zamani, na ndiye aliyenilipia chuo kwa biashara yake ya mchele. Ananunua vijijini kule bondeni karibu na Kilambo na kuuza Mtwara mjini. Mchele wake unasafiri kwa kenta la watu, na kenta linaondoka pale mwenyewe anapotaka, wakati mwingine mchele unanyeshewa, wakati mwingine unafika soko limekwisha, kwa hiyo haja ya gari anayo kweli, na mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha kwa hili hili langu, kwenye lami, leseni anayo. Baada ya Idi alikuja nyumbani peke yake, akakaa, akaniambia, "Mdogo wangu, nimekusikia ulivyosema kwangu. Zuberi nimemzoea, kwake kila kitu mzaha, ila wewe hujawahi kunidanganya. Nimeamua na mimi nichukue kama lako, magunia manne yananitosha." Nikamwambia atafakari. Akasema ametafakari. Nikaomba chai.

Pesa ya kununulia atapata kwa kuuza mikorosho yake ya Mpapura, fungu lake la urithi wa baba, na mnunuzi ni jirani wa shamba, yule yule aliyenunua la kwangu, na wameandikishana kukutana kwa mwenyekiti wa kijiji Jumamosi hiyo niliyokutajia. Wakala wa Dar amekwisha kumtumia picha za gari, lile lile, jeupe.

Linaloniondolea usingizi zaidi ni hili. Wiki iliyopita Zuberi alimfuata Rukia sokoni, akamwambia, "Dada, usilichukue lile gari, barabara ile haliwezi, utakuja kulia." Rukia alicheka mpaka akaketi juu ya gunia, akaja kunisimulia kwa furaha kwamba shemeji yako bado ana kidonda cha Idi, eti amenifuata mpaka sokoni kulisema gari lako. Mimi nilicheka naye. Bi Mgeni, nilicheka naye.

Nimefikiria mengi. Nimefikiria kumwambia Rukia kwamba wakala yule nimemchunguza na ni tapeli, ingawa sina habari yoyote mbaya juu yake. Nimefikiria kumwendea jirani wa Mpapura kimyakimya nimwombe ajitoe. Nimefikiria pia kunyamaza, maana huenda akawa dereva mpole kuliko mimi na gari likadumu, nani ajuaye. Nikisema ukweli nitakuwa nimejitangaza muongo kwa dada aliyenisomesha, na Zuberi atakuwa na maneno ya kunitupia mpaka siku ya kuzikwa kwangu. Sabra nimemuuliza, amenijibu kwamba yeye alikwisha kusaidia kutunza siri moja na ya pili haina nafasi kabatini kwake. Nifanyeje?

Mwenye Gari Lake,
Mikindani.


BI MGENI ANAJIBU

Mwalimu, majina nimeyabadilisha, na barua yako nimeitoa kwenye foleni nikaiweka mbele. Waliokutangulia wanauliza habari za mapenzi, na mapenzi yao yanaweza kungoja wiki moja. Mnunuzi wa mikorosho hangoji.

Nakuhurumia, lakini kidogo. Mimi nina mashemeji sita, wote wanaume, wote wana midomo kama ya huyo wako, na najua mtu anavyoweza kusema lolote ili kicheko kihamie upande wa pili. Ungekuwa umesema gari lako linaruka nisingekulaumu, kwa sababu kila mtu kibarazani angejua ni utani. Kosa lako ni kwamba uliweka idadi. Magunia manne, mchele, Kilambo, mchangani. Mfanyabiashara wa mchele wa Kilambo akisikia hesabu hiyo kutoka kwa mdogo wake aliyesoma, yeye hasikii utani, anasikia jibu la shida yake ya miaka yote.

Tuanze na gari, maana umeniuliza habari za ndugu lakini nusu ya barua ni gari. Mimi si fundi, kwa hiyo nilikwenda kumuuliza fundi Isaya, ambaye nimemwamini kwa gari langu mwaka wa nane huu. Nilimweleza bila kutaja jina, akalitambua kwa rangi, kwa hiyo usijisumbue sana na kujificha. Akaniambia, "Mama, gari lile si bovu. Injini yake nzuri, mafuta linanusa tu. Ila mimi nikilifungua nakuwa kama nasoma kitabu cha watu, lazima nipige simu Dar kuuliza. IST naifungua nikiwa naongea na mteja mwingine." Nikamuuliza kuhusu spea. Akasema za IST zinauzwa mpaka kwenye maduka ya vocha, na za lile ni kuagiza na kungoja basi, na ukibahatika kitakuja ulichoagiza. Nikamuuliza kuhusu kuliuza. Hapo akacheka tu, akarudi chini ya gari alilokuwa anatengeneza.

Kwa hiyo ulipolinunua hukupumbazika, na hilo nakupa haki yako. Mtu anayetoka Mikindani kwenda mjini na kurudi, kwenye lami, na begi la madaftari, akapata gari jipya zaidi kwa bei ya lililochoka kwa sababu tu wengi hawalitaki, huyo amefanya biashara ya akili. Kutopendwa kwake ndiko kulikokupa bei nzuri, na ndiko kulikokuweka siku kumi na tisa bila gari. Wewe una mshahara, siku hizo kumi na tisa zilikugharimu aibu na nauli. Dada yako siku kumi na tisa bila gari, mchele umelala bondeni na wateja wamehamia kwa mwingine, ndiyo mwisho wa biashara. Kwako ni gari zuri na kwake ni gari baya, na hapo hapana kitendawili. Unafundisha jiografia, mwalimu. Barabara ya Mikindani na barabara ya Kilambo ungezitofautisha kwenye mtihani wa kidato cha kwanza.

Ukaniambia huenda yeye akawa dereva mpole. Hilo sitaki kulisikia tena. Umemfundisha mwenyewe kwenye lami na hajawahi kuingia na gari hilo mchangani hata mita kumi. Hayo ni maneno ya kujituliza usiku, na nashukuru kwamba bado hayakutulizi.

Sasa hila zako. Wakala wa watu, ambaye kwa maelezo yako hana kosa lolote, unataka kumwita tapeli ili uongo wako wa kwanza upate mwenzake. Akija kusikia? Akiwa na mke na watoto wanaokula kwa jina lake? Na huyo jirani wa Mpapura, ukimwendea kimyakimya, atakuuliza kwa nini, nawe utamjibu nini? Utabuni la tatu. Achana na zote mbili. Zote zinamtendea dada yako kama mtoto, anachukuliwa kisu mkononi bila kuambiwa kinakata, na kesho atachukua kingine, maana atatafuta wakala mwingine wa gari lile lile. Bado anaamini linabeba magunia manne.

Kuna jambo umelipitia kwa haraka sana, mwalimu, nikarudi kulisoma mara mbili. Mnunuzi wa mikorosho ya Rukia ni yule yule aliyenunua la kwako. Kumbe fungu lako uliliuza, na kwa mpangilio wa barua naona ndilo lililokupeleka yadi. Ile karatasi yako ya faida na hasara, mikorosho uliiandika upande gani? Sidhani kama uliiandika. Uliandika viti na kiyoyozi. Sikusemi kwa hilo, mali ilikuwa yako na baba yenu hayupo wa kuudhika. Nasema tu kwamba iliyobaki ya baba yenu pale Mpapura ni ya Rukia peke yake, kila msimu inampa kitu hata mchele ukilala, na ikiondoka Jumamosi hairudi, kwa sababu jirani anayekusanya mashamba hayakusanyi ili ayauze.

Halafu Zuberi. Hapa ndipo nilipokukasirikia kweli. Mtu huyu ulimwona mchokozi tangu mwanzo, lakini soma barua yako mwenyewe. Alikupigia simu ukiwa yadi. Amekuambia miaka miwili, kwa mzaha, yale yale aliyoniambia fundi Isaya kwa dakika kumi. Na alipoona jambo limekuwa kubwa aliuweka utani pembeni, akamfuata dada yako mpaka sokoni, akazungumza naye kama ndugu. Akachekwa. Mtani akisema kweli ana shida hiyo, watu hawajui lini ameanza na lini ameacha, na kazi ya kusema "safari hii msikilizeni" ni ya mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa wewe. Ukacheka naye. Umeandika maneno hayo mara mbili, kwa hiyo najua unajua.

Fanya hivi. Ukisoma gazeti hili Jumatano, Alhamisi baada ya vipindi nenda Ziwani. Gari liache nyumbani. Nakukataza kwenda nalo, kwa sababu nawajua watu wa namna yako, utataka umpeleke kwenye mchanga likwame mbele ya macho yake ili gari liseme kwa niaba yako, na utavunja shafti ya pili. Panda bodaboda mchana kweupe, na safari hii ukionekana ni sawa.

Ukifika usianze na gari. Usianze na wakala, wala bei za IST, wala hali ya barabara. Ukianza hapo atakujibu mambo ya magari na mtazunguka mpaka magharibi. Anza na Idi. Mwambie, "Dada, siku ile kibarazani nilisema uongo." Kisha mweleze msiba wa Kilambo, shafti, siku kumi na tisa, ukaguzi wa shule uliobuni, yote, kwa mpangilio ulionieleza mimi, maana mimi nimeelewa. Halafu mwambie kwamba Zuberi alipokuja sokoni alikuwa anasema kweli na wewe ulijua ukacheka. Hilo la mwisho ndilo gumu na ndilo utakalotaka kuliruka. Usiliruke, kwa sababu bila hilo siku nyingine Zuberi atamwonya mtu juu ya jambo kubwa kuliko gari na watacheka tena.

Akikasirika, mwache akasirike, usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo. Mtu aliyekusomesha ana haki ya kukunyima chai wiki mbili. Akinyamaza, nyamaza naye. Na baada ya kujua yote, kama bado anataka kulinunua, hiyo ni mali yake na akili yake, usimshike mkono. Wako wanaolitumia gari la namna hiyo na kuweka spea mbili tatu akiba ndani, wanaishi nalo. Ila auze mikorosho akiwa anajua anachonunua.

Shida yake ya kenta bado iko pale pale, na hapo una la kumpa zaidi ya maneno. Fundi Isaya anasema wako akina mama wengine wa mchele katika njia hiyo, kila mmoja anamlilia mwenye kenta kivyake. Watatu wakikodi pamoja kwa siku maalumu, mwenye kenta ndiye atakayewangoja wao. Magunia yakifika mjini, kuyasambaza kwa wateja ni lami tupu, magunia mawili mawili, na mjini tunalo gari dogo lisilokula mafuta ambalo Jumamosi halina kazi. Dereva wake ni mwalimu. Hatalipwa.

Kuhusu maneno ya Zuberi mpaka siku ya kuzikwa kwako, ndiyo, atakuwa nayo. Nenda kwenye karakana yake siku ile ile ukitoka Ziwani, umpe mkono kama alivyokupa wewe, umwambie alikuwa sahihi. Atakucheka na majirani watatoka kuja kutazama. Simama hapo mpaka amalize.

Ukiniandikia tena, habari za gari ziache. Niandikie mstari mmoja tu, Jumapili asubuhi, kwamba mikorosho ya Mpapura imeamkia kwa nani.